Wakitunga sheria ya kuharakisha reli na mabasi, saa itambana nani?

MshikaCheni (Mtwara)

Wakuu, habari za jioni.

Leo nilikuwa stendi ya Chipuputa nasubiri mzigo wa shemeji kutoka Dar. Basi limechelewa, watu wamejikusanya kwa muuza kahawa, mzozo ukaanza. Kijana mmoja anasema kinachotuchelewesha ni sheria. Anasema Canada walitunga sheria moja tu ya kuharakisha reli za mjini na kazi zikaanza, na sisi tukitunga yetu, reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay itafika Masasi kabla hajapata mtoto wa pili. Mzee aliyekuwa pembeni na kashata yake akamjibu, "Hata ile reli ya karanga ilijengwa haraka." Watu wakacheka, basi likaingia, kila mtu akakimbilia mzigo wake.

Nimerudi nyumbani bado nalitafuna lile jibu.

Kwa msionijua, nilishika cheni kwa wapima ardhi miaka kadhaa, baadaye nikaingia kwenye timu za wathamini. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu mikorosho. Mnaingia kijijini na mwenyekiti na mtendaji, kila mtu anasimama kwenye shamba lake, mnahesabu mti kwa mti: mche, unaoanza kuzaa, uliokomaa, uliozeeka. Mwenye shamba anapigwa picha ameshika kibao chenye namba kifuani kama mahabusu, Fomu namba 69 inajazwa, dole gumba linawekwa. Kijiji cha kawaida tulikuwa tunakimaliza kwa wiki mbili, na hapo tumekula na kulala.

Kwa hiyo sehemu ya kumwondoa mtu kwenye ardhi yake kwa makaratasi ni ya haraka sana. Baada ya hapo jedwali la fidia linakwenda kwa Mthamini Mkuu wa Serikali, likirudi limeidhinishwa linasubiri fedha. Kwenye mradi mmoja niliofanyia kazi, ile mikorosho niliyoiandika kwa mkono wangu "mche" ilikuwa inaokotwa korosho siku wenyewe wanaitwa kuchukua hundi.

Swali langu kwa wadau: hiyo sheria ya kuharakisha, inaharakisha hatua ipi? Mwenye kuijua hiyo ya Canada aishushe hapa tuichambue, tuache kusimuliana ya kwenye benchi.

Mwana Mikindani

Nipo pale nimekaa. Muuza kahawa niletee na tangawizi.

ScarboroughMswahili (Toronto, kwetu Ndanda)

Mkuu umenigusa, maana mimi ndiye mlaji wa hiyo sheria. Naishi Scarborough, mashariki mwa Toronto.

Sheria yenyewe ni ya jimbo la Ontario, wala si ya Canada nzima. Ilipitishwa Julai 2020. Tafsiri ya jina lake ni kama "Sheria ya Kujenga Usafiri wa Umma kwa Haraka Zaidi". Ilitungwa kwa ajili ya miradi minne tu ya reli, mmojawapo ukiwa wa kuirefusha treni ya chini ya ardhi ije huku kwetu.

Ndani yake kuna mambo kadhaa lakini nitaje yale yanayoumana na uzi huu. Kwanza, zamani mwenye nyumba akiambiwa eneo lake linatwaliwa alikuwa na haki ya kudai kikao cha kuhoji kama kweli ardhi yake inahitajika. Kwa miradi ile minne kikao hicho kimefutwa. Anabaki na nafasi ya kutoa maoni, na bei ya soko analipwa kama kawaida. Pili, wenye mabomba, nyaya za umeme na za simu wanapewa notisi ya kuhamisha vitu vyao kwa tarehe. Wasipohamisha wanapelekwa mahakamani, na hasara wanaweza kudaiwa. Tatu, ukitaka kujenga kitu kwenye ukanda inakopita reli lazima upate kibali, usije ukachimba msingi wa ghorofa juu ya njia ya treni halafu ukaanza kudai.

Sasa yule kijana wa Chipuputa mwambieni na hili. Mradi mkubwa kuliko yote katika ile minne, Ontario Line, uliahidiwa kuisha 2027. Sheria ikapita, na sasa wanasema 2031. Na huku kwetu tulikuwa na treni ya zamani, Julai 2023 behewa moja likaacha reli, njia ikafungwa moja kwa moja. Tangu siku hiyo tunapanda mabasi. Baridi ya Januari, nimesimama kituoni, nakumbuka jua la Ndanda.

Fundi Mabomba Lindi

Hiyo ya pili ndiyo dawa! Hiyo ya notisi kwa wenye nguzo na mabomba.

Nimewahi kuchukua kazi ndogo ya mtaro na kipande cha barabara. Mkataba miezi minane. Nguzo nne za umeme zipo katikati ya njia na bomba kuu la maji linapita chini. Niliandika barua mpaka karani akanizoea, akawa ananiuliza habari za watoto. Wenye nguzo wanasema bajeti ya kuhamisha hawana, alipe mwenye mradi. Mwenye mradi anasema kiasi hicho hakikuwekwa. Wenye bomba hawajui hata bomba limepita wapi, ramani aliyekuwa nayo kastaafu, tukachimba kwa kubahatisha, tukalipasua. Mtaa mzima bila maji siku tatu na mimi ndiye niliyetukanwa.

Mkataba wa miezi minane ukala karibu miezi kumi na tisa. Mitambo imelala, vibarua wamelala, riba ya benki haikulala. Watu wanapita wanasema "mkandarasi mzembe".

Kwenye kazi ile hakuna mwanakijiji hata mmoja aliyenichelewesha. Walionichelewesha ni ofisi mbili zinazoandikiana barua.

Mmakonde Asiye na Nongwa

Wakuu mimi naona mnazunguka. Tuwe wakweli, kuna watu wanachelewesha miradi kwa makusudi. Wakisikia reli inapita, usiku wanapanda mikorosho mia mbili, wanasimamisha kibanda cha tope, wanaita "nyumba ya familia". Wengine wanakimbilia mahakamani kuweka zuio. Mradi unasimama kwa ajili ya mtu mmoja mwenye nusu ekari, na sisi wengine tunaendelea kulipa nauli kubwa na kukaa barabarani siku nzima. Sheria kali iletwe. Maendeleo hayamsubiri mtu.

MshikaCheni

Mkuu, hao wa kupanda usiku nimewaona kwa macho yangu, siwakatai. Kuna mzee alichomeka matawi ya mkorosho yaliyokatwa, yana majani mabichi kabisa. Ukiyagusa yanaanguka. Alicheka mwenyewe, akatukaribisha madafu.

Lakini dawa yake ipo tayari. Siku ya uthamini inatangazwa, kilichopandwa baada ya hapo hakihesabiwi. Na mpima mwenye akili anazijua dalili. Udugu wa mche na udongo hauundwi usiku mmoja.

WakiliWaKijiweni

Nimesoma kwa utulivu. Niweke vifungu mezani kwa lugha ya kawaida, maana naona tunadhani hatuna sheria ya haraka.

Sheria ya Utwaaji wa Ardhi ni ya 1967. Rais akitaka ardhi kwa manufaa ya umma, notisi inatolewa, inachapishwa kwenye Gazeti la Serikali, na baada ya wiki sita mwenyewe anatakiwa apishe. Wiki sita! Na ikionekana ardhi inahitajika kwa dharura, hata hizo zinaweza kupunguzwa. Ile haki ya kikao cha kuhoji kama ardhi inahitajika kweli, ambayo Ontario wameifuta 2020, sisi hatukuwahi kuwa nayo ya namna ile. Kwa upande wa kutwaa tumeshawatangulia Wakanada kwa zaidi ya miaka hamsini.

Upande wa kulipa ndiko kwenye ukungu. Katiba, Ibara ya 24, inataka fidia inayostahili. Sheria za ardhi za 1999 na kanuni zake za 2001 zikafafanua: thamani ya soko, posho ya usumbufu, posho ya usafiri (wamepiga hesabu ya mzigo wa tani 12 ndani ya kilomita 20), pango la miezi 36, na faida inayopotea kwa mwenye biashara. Halafu Sheria ya Uthamini ya 2016 ikaja kubana muda: fidia ilipwe ndani ya miezi sita tangu uthamini uidhinishwe, ikizidi hapo inaanza kuzaa riba, na ikipita miaka miwili bila malipo uthamini unapoteza nguvu, unarudiwa.

Isome tena hiyo ya mwisho. Serikali ikichelewa miaka miwili, adhabu yake ni nini? Kuhesabu upya. Yaani MshikaCheni anarudi na daftari lake, mwananchi anashika tena kibao. Ukiacha ile riba, mchelewaji hakuguswa popote.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la uzi: ukinakili sheria ya Ontario kifungu kwa kifungu, kifungu cha kwanza kitakuta tunacho na kimetuzidi ukali. Kitakachokuwa kipya ni kile cha Fundi Mabomba.

Bajaji ya Ligula

Wakili, hiyo faida inayopotea, mama ntilie wa pale stendi analipwa vipi?

WakiliWaKijiweni

Kwa kanuni, faida ya mwezi mara miezi 36. Ila faida hiyo inathibitishwa kwa hesabu zilizokaguliwa.

Bajaji ya Ligula

Hesabu zilizokaguliwa na nani, mwanawe wa darasa la tano? Haya, nimeelewa. Hakuna kitu hapo.

Mchukua Stakabadhi (Newala)

Mimi neno "haraka" bungeni linanipa homa.

2015 sheria za mafuta na gesi zilipelekwa kwa hati ya dharura, zikapita ndani ya siku chache na baadhi ya wabunge wa upinzani wakiwa wametolewa nje. Hiyo ni miaka miwili tu baada ya yale ya Mtwara ya 2013, bomba la gesi linakwenda Dar na watu wanauliza sisi tunabaki na nini. 2018 ikaja Sheria ya Fedha, ndani yake kifungu kidogo tu: ushuru wa korosho zinazouzwa nje, ambao asilimia 65 ilikuwa inarudi kuhudumia zao, wote uende mfuko mkuu. Wabunge wa Kusini walipiga kelele mpaka wakaishiwa sauti. Ikapita. Msimu uliofuata mnajua wenyewe tulivyouza korosho, sina haja ya kutonesha kidonda.

Kwa hiyo mtu akiniambia "tunaleta sheria ya kuharakisha reli ya Kusini", swali langu la kwanza ni reli ya kubeba nini. Abiria, au makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga? Kama ni ya makaa na sisi tutaitazama inapita, basi isiitwe usafiri wa umma.

Mmakonde Asiye na Nongwa

Mzee wa Newala, reli haiwezi kujengwa kwa nauli ya abiria peke yake. Mzigo ndio unaolipa, behewa la abiria linafungwa humo humo. Na ile ni takriban kilomita 1,000 ukijumlisha na matawi ya migodini. Hakuna mwekezaji atakayeijenga ili mimi niende harusini Songea.

Mchukua Stakabadhi

Sawa, hilo nakubali. Basi behewa hilo liandikwe ndani ya sheria, lisiachwe kwenye hotuba.

Mjukuu wa Nachingwea

Mzee wa kashata nimemwelewa. Vijana wengi hawajui hiyo habari, ngoja niwape kwa ufupi.

Baada ya vita kuu ya pili Waingereza hawakuwa na mafuta ya kula. 1947 wakaanza mradi wa karanga, Kongwa, Urambo na kwetu Nachingwea. Haraka yake haikuwa ya kawaida. Mvua hazikupimwa vya kutosha, udongo haukuchunguzwa sawasawa, matrekta yakaletwa yale ya mabaki ya vita. Kwa ajili ya Nachingwea ikajengwa reli kutoka Mkwaya, pale kwenye ghuba ya Lindi, baadaye ikaungwa na Mtwara ambako bandari ya kina kirefu ilifunguliwa 1954. Sasa angalia tarehe: mradi wa karanga wenyewe ulishaachwa 1951. Bandari na reli vinakamilika, mzigo uliovileta umeshakufa. 1962 reli ikafungwa, vyuma vikang'olewa.

Babu yangu alikuwa kibarua wa kufyeka njia. Alikuwa anasema wazungu walikuwa wanakimbia kama wanaofukuzwa na nyuki, na walipoondoka hivyo hivyo.

Kwa hiyo Kusini hii imewahi kujengewa reli kwa haraka kuliko mahali pengi. Miaka sitini na zaidi tunapanda basi.

Dada wa Shangani

Mimi nitatetea haraka kidogo, maana wanaume mmeshaigeuza kuwa mchawi.

Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Lindi–Dar ilikatika maeneo ya Somanga. Mtwara na Lindi tukawa kisiwa. Nilikuwa na mgonjwa wa kupeleka Muhimbili. Tuliishia Nangurukuru, tukalala kwenye kosta na malori yamepanga foleni mbele na nyuma, samaki wa watu wanaoza. Na pale nikaona kitu: mitambo ilikuja, mawaziri walikuja, wahandisi walikesha na taa, mawe na makalavati yakamwagwa usiku na mchana, ndani ya siku kadhaa magari yakaanza kupita. Hakuna aliyesema "tunasubiri idhini". Kumbe inawezekana.

Wakati huo huo barabara ya Mtwara–Newala–Masasi, kilomita 210, imejengwa kwa vipande. Hamsini za kwanza hadi Mnivata, halafu tukasubiri mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika kwa zile 160 zilizobaki. Mtu wa Tandahimba amezeeka anasubiri lami. Mnaposema "tusiharakishe", kuna mjamzito yuko kwenye vumbi analipia hiyo subira yenu.

MshikaCheni

Dada hapo umenipiga pa haki. Sina jibu la mjamzito.

Ila tazama kwa nini Somanga iliwezekana. Barabara ilikuwa ya serikali tayari, hifadhi ya barabara ya serikali, hakuna wa kufidiwa, hakuna nguzo ya kubishania, na fedha ikatafutwa siku ile ile. Vikwazo vyote vinavyochelewesha havikuwepo. Ukiniambia tutunge sheria itakayofanya kila mradi ufanane na Somanga, yaani fedha iwepo na mwenye nguzo apewe tarehe, nitaisaini kwa mikono miwili. Usiniambie Somanga halafu ukaniletea sheria inayofuta haki ya mwenye shamba, maana pale Somanga huyo mwenye shamba hakuwa sehemu ya tatizo.

ScarboroughMswahili

Niongezee mfano wa California, Marekani, unaendana na alichosema MshikaCheni. 2020 walipitisha sheria ya kusamehe baadhi ya miradi ya usafiri wa umma ile tathmini ndefu ya mazingira, na 2022 wakairefusha hadi 2030. Lakini msamaha unahusu vitu kama njia maalumu za mabasi, vituo, njia za baiskeli na za miguu, na sharti kubwa ni kwamba mradi uwe ndani ya ardhi ambayo tayari ni ya barabara au ya umma, na usibomoe makazi ya watu wenye kipato cha chini. Yaani haraka imeruhusiwa pale ambapo hakuna mtu wa kukanyagwa.

Bajaji ya Ligula

Hiyo ndiyo sheria ninayoitaka mimi! Tuache reli ya Mbamba Bay kidogo, hiyo ni ya wajukuu. Hapa mjini kutoka Mikindani hadi Naliendele kuna vituo vingapi vyenye paa? Abiria wanasimama kwenye jua, daladala inasimama popote, bajaji tunafukuzwa kama kuku. Kila mwaka tunaambiwa eneo la maegesho linashughulikiwa. Ardhi ni ya barabara, iko wazi, haina mkorosho wala kaburi. Kinachokosekana ni mtu wa kuweka sahihi. Wakiharakisha hilo tu, nitampigia debe mbunge bure na kipaza sauti nakodi mwenyewe.

Fundi Mabomba Lindi

Bajaji umesema kitu. Kituo chenye paa, benchi na zege ni kazi ya wiki mbili. Nimejenga. Makaratasi yake yalichukua miezi saba.

Mhitimu wa Ardhi

Naomba nichangie kuhusu mazingira kwa sababu naona tunaelekea kuidharau tathmini. Mwendokasi ya Dar, yale mabasi yaendayo haraka, mnaijua. Wakala uliundwa 2007, mabasi ya awamu ya kwanza yakaanza kubeba abiria Mei 2016, kilomita karibu 21 ukijumlisha njia ya Kimara hadi Kivukoni na matawi yake. Miaka tisa. Mtu anaweza kusema urasimu. Lakini karakana ikawekwa Jangwani, bondeni mwa Msimbazi, na mvua kubwa zilipokuja mabasi yakawa ndani ya maji na huduma ikasimama. Hapo kilichokosekana hakikuwa haraka. Kuna jambo ambalo kila mkazi wa Jangwani angekuambia bure na halikusikika kwa uzito wake.

Kwetu huku ukivuka Rufiji, ukifika Matandu, Mavuji, Mbwemkuru, mpaka Lukuledi, yote hiyo ni mito inayobadilisha tabia kila masika. Ukifuta hatua ya kuwauliza wenyeji maji yanapita wapi, unajenga tuta ambalo Hidaya mwingine atalichukua.

Mmakonde Asiye na Nongwa

Haya, nimeanza kulegea. Lakini niulize: mnataka basi sheria isemeje? Maana kulalamika tunajua wote.

WakiliWaKijiweni

Kama ningepewa kalamu, ningeanza na hili: hakuna kuchora X kwenye nyumba ya mtu wala kujaza Fomu 69 kabla fedha ya fidia haijawekwa kwenye akaunti maalumu ya mradi. Hilo peke yake lingefuta nusu ya migogoro, na lingeharakisha mradi, kwa sababu mtu akilipwa anahama. Watu wa Likong'o, Lindi, ardhi yao ilitwaliwa kwa ajili ya kiwanda cha gesi kimiminika, kati ya kutwaliwa na kulipwa ikapita miaka. Katika miaka hiyo mtu hajengi, hapandi, hakopesheki.

Kisha kile cha wenye nguzo na mabomba, kama kilivyo cha Ontario, na tarehe iwe na maumivu kwa ofisi inayochelewa.

Mahakamani sitaki watu wafungiwe mlango. Ujerumani baada ya kuungana, 1991, walitunga sheria ya kuharakisha njia za usafiri kwa upande wa mashariki, wakafupisha njia ya kesi: inaanzia na kuishia mahakama ya juu kabisa ya masuala ya utawala, badala ya kupanda ngazi moja moja. Mwananchi anasikilizwa, lakini mara moja. Hiyo naiona ni haraka yenye adabu.

Mchukua Stakabadhi

Na behewa langu usilisahau.

WakiliWaKijiweni

Behewa la Newala limeingia kwenye jedwali, mzee. Ingawa reli Newala haifiki.

Mchukua Stakabadhi

Nitashuka na bajaji mpaka Masasi.

Mama X ya Kijani

Wanangu nimewasoma tangu jana, mjukuu ndiye ananisomea. Na mimi nina la kuuliza.

Nyumba yangu iko kando ya barabara, sitaji wapi. Zamani hifadhi ya barabara ilikuwa mita 22 na nusu kutoka katikati, nyumba yangu ilikuwa nje kabisa, marehemu mume wangu alipima kwa hatua na kwa kamba. Ilipokuja sheria ya 2007 wakasogeza hadi mita 30, nikawa ndani. Wakaja wakaniwekea X ya kijani, wakasema mama wewe barabara ndiyo imekufuata, utalipwa, wenye nyekundu ndio waliofuata barabara. Nikasema sawa.

Ile X imefutika kwa mvua. Wakarudi wakaipaka upya. Imefutika tena. Paa linavuja, nikitaka kubadilisha bati naambiwa usiendeleze, utapata hasara. Mwanangu alitaka kuchukua mkopo kwa nyumba ile, benki wakaja wakaiona X wakaondoka bila hata kunywa maji. Shamba la nyuma lina mikorosho arobaini na mbili, nalo wamelipitia na kamba, sijui limo au halimo.

Sipingi barabara. Wala sipingi hiyo reli. Ikija na basi lile refu kama la Dar, nitapanda, miguu inauma. Ila mimi sijui mnabishana haraka ya nani, maana mimi nimekuwa tayari kuhama tangu mjukuu huyu anayenisomea hajazaliwa.

Mmakonde Asiye na Nongwa

Shikamoo mama. Ninafuta ile kauli yangu ya "maendeleo hayamsubiri mtu". Naona wewe ndiye unayeyasubiri.

WakiliWaKijiweni

Shikamoo mama. Kama uliwahi kujaza fomu ya uthamini na una nakala, tafuta tarehe. Ikiwa uthamini uliidhinishwa na miaka miwili imepita bila kulipwa, una haki ya kudai urudiwe kwa bei ya sasa. Andika barua kupitia mtendaji, weka nakala, gonga muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo usiusahau. Na bati linalovuja kubadilisha ili usilowe si kuendeleza, ni kukarabati. Piga picha kabla na baada.

Mama X ya Kijani

Marahaba wanangu. Nakala ipo, imo kwenye sanduku la kanga, panya wamekula pembe moja lakini tarehe inasomeka.

Na yule anayehesabu mikorosho, nijibu moja tu. Msimu unaanza na shamba limejaa majani. Nipalilie au niache?

MshikaCheni

Shikamoo mama. Palilia. Shamba lililopaliliwa mthamini analiona lina mwenyewe, lililoachwa anaandika pori. Pulizia dawa kama kawaida, okota, peleka ghalani. Ila mche mpya usipande upande wa barabarani, huo hautahesabiwa. Panda upande wa bondeni.

Nitumie jina la kijiji kwa ujumbe wa siri, usiliandike hapa. Jumamosi ninapita njia hiyo na bodaboda, nitakuja na kamba tupime hizo mita 30 tujue hiyo arobaini na mbili iko upande gani.